Frank Sinatra alivyorudi, na albamu alizorekodi Capitol: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tulimjua Sinatra kupitia nyimbo mbili tatu za umri wake wa utu uzima, zile zinazopigwa harusini na kwenye sherehe za kumuaga anayestaafu. Nyimbo hizo zina heshima yake. Lakini kazi iliyomjengea jina analokumbukwa nalo leo aliifanya kati ya 1953 na 1961 kwenye studio za Los Angeles, akiwa na kampuni ya santuri ya Capitol, baada ya watu wengi wa muziki kukubaliana kwamba amekwisha. Majibu haya yanahusu hasa miaka hiyo.

Sinatra alikuwa mwimbaji wa aina gani?

Zamani kabla ya maikrofoni, mwimbaji wa ukumbini alilazimika kupaza sauti mpaka imfikie aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Maikrofoni ilipoenea miaka ya 1920 wakatokea waimbaji wa sauti ya karibu, wanaoimba kama mtu anayeongea na wewe mezani, wawili tu. Bing Crosby ndiye aliyewafungulia wenzake njia. Sinatra, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano aliyezaliwa Hoboken, New Jersey, Desemba 12, 1915, aliifuata njia hiyo akaifikisha mahali ambapo Crosby hakufika.

Aliimba na bendi ya Harry James mwaka 1939, kisha ya Tommy Dorsey kuanzia 1940 hadi 1942, halafu akajitegemea akiwa na kampuni ya santuri ya Columbia. Oktoba 1944 maelfu ya wasichana walifurika nje ya ukumbi wa Paramount jijini New York, polisi wakapata kazi kubwa ya kuwazuia. Alikuwa hajafikisha miaka 29.

Alichuja lini, na kwa nini?

Hakuchuja siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wale wasichana walikuwa wamekua, wengine wameolewa, na santuri zake hazikuuzwa kama zamani. Mwaka 1950 mambo yakamwandama kwa mfululizo. Kampuni ya filamu ya MGM ilivunja naye mkataba, na akiwa jukwaani kwenye klabu ya Copacabana, New York, nyuzi za sauti zikavuja damu, sauti ikakatika kabisa. Alikaa wiki kadhaa bila kuimba.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Alimwacha mkewe Nancy, mama wa watoto wake watatu, akamuoa mwigizaji Ava Gardner Novemba 1951. Magazeti yalimshambulia vikali, na mashabiki wengi waliona amewasaliti.

Kule Columbia, msimamizi wa muziki Mitch Miller alikuwa akitafuta nyimbo za vichekesho zinazouzika haraka. Mwaka 1951 Sinatra akajikuta anarekodi "Mama Will Bark", wimbo wenye mlio wa mbwa anayebweka. Watu wengi hupenda kuutaja wimbo huo peke yake kama ushahidi wa anguko lake. Mimi naona si haki, kwa sababu mwaka huohuo alirekodi "I'm a Fool to Want You", na humo unasikia mtu aliyeumia kweli, anaimba bila kujificha. Uwezo ulikuwepo, ila kampuni haikuujali. Mwaka 1952 Columbia wakaachana naye. Mawakala wake wakamwacha, na kipindi chake cha televisheni kikafutwa.

Ni kweli alikuwa Afrika Mashariki mambo yalipoanza kubadilika?

Ni kweli, na katika maswali yote hili ndilo ninalolipenda zaidi.

Novemba 1952 Ava Gardner alikuja huku kuigiza filamu ya *Mogambo* chini ya mwongozaji John Ford, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly. Ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Wageni wengi hudhani jina hilo ni Kiswahili. Sisi tunajua si neno letu. Sinatra hakuwa na kazi, akafuatana na mkewe. Walitimiza mwaka mmoja wa ndoa, Novemba 7, wakiwa safarini kuja Nairobi. Walikuta wiki chache tu zimepita tangu serikali ya kikoloni itangaze hali ya hatari nchini Kenya, Oktoba 20.

Pale kambini kila mtu alikuwa na shughuli yake: waigizaji, wapiga picha, madereva, wapishi. Yeye peke yake hakuwa na la kufanya, mume wa nyota akisubiri jioni ifike. Mtu aliyesimamisha barabara za New York miaka minane tu iliyotangulia.

Kwa miezi alikuwa akimwomba Harry Cohn, mkuu wa Columbia Pictures, ampe nafasi ya askari Maggio katika *From Here to Eternity*. (Hiyo ni kampuni ya filamu, si ile Columbia ya santuri.) Simu ya maandishi ikamkuta huku Afrika: aje afanyiwe majaribio. Akapanda ndege akarudi Hollywood, akajaribiwa mbele ya mwongozaji Fred Zinnemann, kisha akarudi Afrika kula Krismasi na mkewe akiwa hajui jibu. Nafasi aliipata mwanzoni mwa 1953, kwa malipo ya dola 8,000. Siku za neema aliwahi kulipwa dola 150,000 kwa filamu moja.

Je, ni mafia waliomlazimishia Harry Cohn ampe nafasi hiyo?

Hapana. Hadithi hiyo ilishika moto baada ya riwaya ya *The Godfather* ya Mario Puzo kutoka mwaka 1969, kwa sababu ndani yake yumo mwimbaji anayesaidiwa kwa njia ya namna hiyo. Zinnemann mwenyewe aliikanusha. Sababu za kweli ni za kawaida: Eli Wallach, aliyetakiwa kwanza, alienda kuigiza jukwaani Broadway, Sinatra alikuwa rahisi kulipa, na majaribio yake yalikuwa mazuri.

Basi filamu ndiyo iliyomwokoa?

Hivi ndivyo inavyosimuliwa kila mahali, na mimi siikubali simulizi hiyo. Tazama tarehe. Sinatra alisaini na kampuni ya santuri ya Capitol Machi 1953. Alirekodi kwa mara ya kwanza Aprili 2. Aprili 30 alirekodi "I've Got the World on a String", na ukiusikiliza wimbo huo leo, Sinatra mpya yupo mzima mzima tangu mstari wa kwanza. Filamu ilitoka Agosti. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi alikabidhiwa Machi 25, 1954. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kurudi kama mwimbaji miezi kadhaa kabla mtazamaji yeyote hajamwona Maggio.

Filamu iliwafanya watu wageuke wamtazame tena, na hilo si dogo. Lakini walipogeuka walikuta kazi iko tayari.

Nani alimchukua wakati hakuna aliyemtaka?

Alan Livingston wa Capitol. Kampuni yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa 1942 Los Angeles, na mmoja wa waanzilishi wake, Johnny Mercer, alikuwa mtunzi mashuhuri wa mashairi ya nyimbo. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na hiari ya kuurefusha ilikuwa ya kampuni. Livingston alipowatangazia wauzaji wake kwamba amemsaini Sinatra, ukumbi mzima uliguna. Akawaambia kwamba anachokijua yeye ni kipaji, na hajali yaliyopita.

Nelson Riddle ni nani, na kwa nini jina lake halikosekani?

Riddle alikuwa mpangaji wa muziki, yaani mtu anayeamua kila chombo kitapiga nini, kitaingia wapi, na kitanyamaza wapi. Alizaliwa New Jersey mwaka 1921, akapiga tromboni kwenye bendi ya Dorsey baada ya Sinatra kuondoka, kisha akahamia California na kumpangia Nat King Cole nyimbo zilizovuma sana.

Sinatra hakumtaka. Alikuwa na mpangaji wake wa siku nyingi, Axel Stordahl, na hakuwa mtu wa kumtupa rafiki. Rekodi za kwanza za Capitol zilifanywa na Stordahl. Zilikuwa nzuri, lakini ni Sinatra wa jana. Stordahl alipochukua kazi ya televisheni New York, Livingston akampenyeza Riddle. Ile Aprili 30 Sinatra alitarajia mtindo wa mpangaji mwingine, Billy May, na nyimbo mbili za siku ile Riddle alizipanga kwa kumwiga May. Nyingine alizipanga kwa akili yake mwenyewe. Waliokuwepo walisimulia kwamba Sinatra aliposikiliza "World on a String" ikirudishwa, alifurahi akasema amerudi.

Siri ya Riddle iko kwenye nafasi. Wapangaji wengi wa wakati ule walijaza kila pengo kwa fidla. Yeye alimwachia mwimbaji njia ya kupita: Sinatra akimaliza mstari, filimbi au tarumbeta ya Harry Edison iliyozibwa mdomo inajibu kwa neno moja, kisha inanyamaza. Mwendo aliupima kwa mapigo ya moyo, na alieleza hivyo mwenyewe. Weka santuri yoyote ya mwendo wa kati ya wawili hawa, utaona kichwa kinatikisika chenyewe kwa hatua ya mtu anayetembea bila haraka.

Kwa nini inasemwa Sinatra aligeuza maana ya albamu?

Kwa sababu kabla yake, kwa wengi, albamu ilikuwa mkusanyiko tu: nyimbo zilizokwisha kutoka moja moja zinafungwa pamoja ziuzwe tena. Sinatra mwenyewe alijaribu jambo tofauti mapema, mwaka 1946, kwa *The Voice of Frank Sinatra*, santuri nne za mizunguko 78 kwa dakika zenye nyimbo nane za hisia moja. Santuri ya LP, yaani inayopiga kwa muda mrefu, ilipotoka 1948 ikampa nafasi ya kutosha.

Huko Capitol alianza na santuri za inchi kumi, *Songs for Young Lovers* na *Swing Easy!*, zote za 1954, nyimbo nane kila moja. Baada ya hapo, kila alipotaka kutengeneza albamu aliamua kwanza inahusu hali gani ya moyo, kisha akachagua nyimbo zinazoingia humo, akazipanga zifuatane kwa maana. Nyingi hazikuwa mpya. Zilikuwa za Cole Porter, Gershwin, Rodgers na Hart, nyimbo za tamthilia za miaka ya 1920 na 1930. Kwa lugha yetu, aliimba zilipendwa. Akaziimba kana kwamba zilitungwa jana yake.

In the Wee Small Hours ilirekodiwaje?

Kwa sehemu kubwa Februari na Machi 1955, kwenye studio za KHJ, Los Angeles. Sinatra alipenda kurekodi usiku; alisema sauti yake haiamki mchana. Vikao vilianza baada ya chakula cha jioni na kuvuka saa sita.

Nyimbo ni kumi na sita, na zote zimekaa saa zilezile za usiku ambazo mtu aliyeachwa hapati usingizi. Wimbo wa kufungulia, wenye jina karibu sawa na la albamu, ulikuwa mpya kabisa, wa David Mann na Bob Hilliard. Nyimbo chache zimepigwa na kikundi kidogo tu, gitaa na kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, kisha fidla zinarudi polepole kama giza linaloongezeka. Hakuna wimbo wa kuchangamsha katikati ili msikilizaji apumue. Mfanyabiashara angemshauri auweke, yeye alikataa.

Yeye na Ava walikuwa wametangaza kutengana Oktoba 1953. Riddle aliamini kwamba Ava ndiye aliyemfundisha Sinatra kuimba nyimbo za huzuni, na ukilinganisha rekodi za 1945 na hizi za 1955 huwezi kumbishia. Kijana wa Columbia alikuwa na sauti nzuri kuliko huyu. Huyu wa Capitol sauti imeteremka, imekwaruza kidogo, lakini kila neno analijua kwa gharama aliyolilipia.

Jalada lake ni mchoro wa Sinatra amesimama peke yake chini ya taa ya barabarani, usiku wa rangi ya buluu, sigara mkononi. Albamu ilifika namba mbili kwenye chati za Marekani.

Ile tromboni kwenye "I've Got You Under My Skin" ni ya nani?

Ni ya Milt Bernhart, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Ilikuwa Januari 12, 1956, KHJ tena, kwa ajili ya *Songs for Swingin' Lovers!*. Wimbo wa Cole Porter wa mwaka 1936 ulikuwa umezoeleka kuimbwa kwa upole. Sinatra aliomba katikati pawe na mpando mrefu. Inasimuliwa kwamba Riddle alikuwa akimalizia kuandika noti ndani ya gari, mkewe akiendesha, wakielekea studio. Aliazima wazo la mtunzi Mfaransa Ravel katika *Boléro*: tromboni zinarudia kitu kilekile, zinapanda ngazi kwa ngazi, fidla zikivutana juu yake, mpaka msikilizaji anahisi lazima kitu kipasuke. Kinachopasuka ni Bernhart.

Wanamuziki walipoupitia mara ya kwanza walimpigia Riddle makofi, jambo ambalo watu wale wagumu wa studio hawakulifanya ovyo. Lakini Sinatra hakuridhika. Walirudia, wakarudia tena. Maikrofoni iliyokuwa ikidaka ala za shaba ilikuwa juu mno, ikabidi Bernhart aletewe sanduku la kusimamia. Fikiria mpuliza tromboni aliyekwisha choka, midomo inamuuma, yuko juu ya sanduku, na bado anatakiwa apulize kama ndiyo mara ya kwanza. Iliyochaguliwa ni rekodi ya 22.

Sikiliza jinsi Sinatra anavyorudi baada ya tromboni. Hashindani nayo. Anaingia chini kidogo, anaacha moto uendelee nyuma yake, kisha anaupandia. Albamu hiyo ndiyo iliyoshika namba moja kwenye chati ya kwanza kabisa ya albamu nchini Uingereza, Julai 1956.

Alijifunza wapi kuvuta pumzi namna ile?

Kwa Tommy Dorsey. Alikaa nyuma yake kila usiku akimtazama anavyopuliza mstari mrefu wa tromboni bila kukata, akagundua anaiba pumzi kwenye pembe ya mdomo. Sinatra akaanza kukimbia na kuogelea chini ya maji kujenga kifua. Faida yake ni kwamba hakulazimika kukata sentensi mahali ambapo muziki unakatika; aliikata pale ambapo mtu anayeongea angeikata. Maikrofoni nayo aliicheza kama chombo, anaisogelea kwa neno la siri, anaiepuka kwa herufi inayolipuka.

Waliimba na kupiga kwa pamoja, au sauti iliongezwa baadaye?

Kwa pamoja, chumba kimoja, okestra nzima ikimwona naye akiiona. Kanda iliweza kukatwa na kuungwa, lakini mwimbaji hakurekodi peke yake akisikiliza muziki uliokwisha pigwa. Mpiga fidla Felix Slatkin, aliyeongoza fidla zile, alikuwa wa Hollywood String Quartet, wanamuziki wa muziki wa kale wa Ulaya wa daraja la juu kabisa. Sinatra aliwaheshimu kiasi cha kurekodi nao albamu nzima, *Close to You*, iliyotoka 1957.

Mwaka 1956 Capitol walifungua jengo lao la mviringo Hollywood, na chini ya ardhi kukiwa na vyumba vya mwangwi. Albamu za baadaye zina ule mng'ao wake.

Albamu ya Only the Lonely ni nzito kweli kama inavyosemwa?

Nzito, ndiyo. Ilirekodiwa Mei na Juni 1958, mwaka ambao Riddle alimzika binti yake mchanga. Okestra ni kubwa, yenye giza, karibu na muziki wa kanisani kuliko wa klabu. Walijaribu pia "Lush Life" ya Billy Strayhorn, wimbo mgumu mno; Sinatra akauacha katikati na hakuurudia.

Wimbo wa kufunga, "One for My Baby", ni mlevi na mhudumu wa baa, karibu saa tisa za usiku. Piano ni ya Bill Miller, aliyekuwa naye tangu 1951, siku za njaa. Okestra yote ile kubwa inarudi nyuma kabisa, inamwachia Miller chumba.

Jalada lenye Sinatra aliyepakwa rangi za mchekeshaji wa sarakasi lilipata Grammy kwenye tuzo za kwanza kabisa, 1959. Muziki wenyewe haukupata. Bado naona vigumu kulielewa hilo.

Na wapangaji wengine, Billy May na Gordon Jenkins?

May ni furaha: *Come Fly with Me* ya 1958 ilishika namba moja, na *Come Dance with Me!* ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Jenkins ni fidla nyingi na machozi, *Where Are You?* na *No One Cares*. Wapo wanaompenda Jenkins kuliko Riddle, mimi simo.

Kwa nini aliondoka Capitol?

Alitaka kumiliki kazi yake. Mwishoni mwa 1960 alianzisha lebo yake, Reprise, huku akiwa bado anadaiwa albamu na Capitol. Ya mwisho, *Point of No Return*, aliirekodi Septemba 1961, na aliyemwita aje kuipanga ni Axel Stordahl, yuleyule aliyefungua naye milango ya Capitol Aprili 1953. Stordahl alikuwa anaumwa saratani, alifariki 1963.

Hakustaafu akarudi tena baadaye?

Alistaafu Juni 1971, akarudi 1973 na *Ol' Blue Eyes Is Back*. Hiyo ilikuwa likizo. Ile ya 1953 ilikuwa kufufuka.

Nianze na ipi?

Kama hujawahi kumsikiliza kwa makini, anza na *Songs for Swingin' Lovers!* mchana, ukiwa na kazi za mikono. *In the Wee Small Hours* ingoje usiku, na uipige kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo, maana programu za simu zina tabia ya kuzichanganya. *Only the Lonely* iache mwisho kabisa. Ukifika "One for My Baby", ongeza sauti kidogo pale mwishoni: anaondoka taratibu mbele ya maikrofoni, na piano ya Miller inabaki ikipiga.